Soksi Zisizo na Wayo

Askari apatapo barua ya uhamisho kutoka Gulu kwenda Kabale, jambo la kwanza linalozungumzwa nyumbani ni lori, la pili ni shule ya watoto, na la tatu ni magodoro. Baridi hukumbukwa baada ya kufika. Gulu iko kiasi cha mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na Kabale iko karibu mita 2,000. Kwa kila mita 1,000 ambazo mtu hupanda, hewa hupungua joto kwa kadiri ya nyuzi 6 za Sentigredi. Kwa hiyo familia iliyoshuka lorini alasiri huamka kesho yake katika nchi nyingine kabisa. Mwezi wa Juni na Julai kipimajoto cha Kabale, kabla ya jua kuchomoza, huweza kushuka hadi nyuzi 10, na ukungu hukaa mabondeni hata baada ya watoto wa shule kuingia madarasani. Mambo ni hayo hayo kwa familia zilizopangiwa Kisoro, au Kapchorwa mbavuni mwa Mlima Elgon.

Wakubwa hujimudu. Baba ana koti la kazini, mama hujifunika shali, na mtoto wa shule huvaa sweta. Anayebaki taabuni ni yule wa miezi kumi au mwaka mmoja, ambaye ngozi yake ni kubwa ikilinganishwa na uzito wake na hivyo hupoteza joto upesi kuliko mtu mzima. Huyu hutambaa kutwa nzima juu ya sakafu ya simenti. Juu amevikwa sweta na kofia. Chini ana nepi na kisuruali chembamba ambacho kwa kutambaa hupanda mpaka magotini. Kila nepi ilowapo, kisuruali huvuliwa, na mapaja huachwa wazi kwa baridi, mara sita au saba kwa siku. Akivishwa soksi za kawaida, huzivua kwa vidole vyake mwenyewe na kuzitia mdomoni. Na akianza kusimama, soksi hizo humtelezesha kwenye simenti iliyosuguliwa ikang'aa.

Hapo ndipo sigiri huingizwa chumbani. Mama huona miguu ya mtoto imepoa kama mawe ya mtoni, naye, kwa huruma, huchukua sigiri yenye makaa mekundu, huiweka karibu na kitanda, na kufunga dirisha ili joto lisitoke. Makaa ya mkaa hayatoi moshi wa kuonekana, lakini hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Hewa hiyo huingia katika damu na kushika mahali pa oksijeni, na mtu aliyelala huipumua bila kushtuka, akazidi kulala. Watu wamekufa hivyo, familia nzima, na asubuhi majirani wakakuta mlango umefungwa vizuri. Mtoto mchanga huwahiwa kuliko wote, kwa kuwa pumzi zake ni za haraka. Sigiri mahali pake ni nje. Miguu ya mtoto na itiwe joto na nguo.

Nguo yenyewe ni nyepesi kufumwa kuliko zote zinazofumwa kwa sindano. Ni soksi isiyo na wayo: huanzia juu ya kifundo cha mguu na kupanda mpaka katikati ya paja, mfano wa mkono wa sweta uliotengwa na sweta lake. Haina kisigino cha kupindisha, haina ncha ya vidole ya kupunguzia, haina kushoto wala kulia. Wacheza dansi wa Ulaya, wale wasimamao kwa ncha za vidole, huvaa soksi za namna hii wakati wa mazoezi ili misuli yao isipoe. Na katika miaka ya 1980 vijana wa mijini, Ulaya na Marekani, walizivaa kwa urembo tu, hata mahali pasipo baridi. Kwa mtoto atambaaye hazina urembo mwingi, bali zina faida tatu: nepi hubadilishwa bila kuzivua, magoti hupata mto wa kutambalia, na vidole hubaki wazi vipate kushika sakafu.

Lakini soksi hizi zina adui, naye ni mkono wa mfumaji anayekaza. Yafaa jambo hili lielezwe kabla ya sindano kushikwa, maana wengi hukosea hapa. Uzi wenyewe hauna joto. Kinachotia joto ni hewa iliyonaswa baina ya nyuzi, ikatulia karibu na ngozi pasipo kupeperushwa. Ufumaji uliolegea kwa kiasi una nafasi nyingi za hewa. Ufumaji uliokazwa mpaka ukawa mgumu kama turubai hauna. Zaidi ya hayo, joto la miguuni huletwa na damu kutoka kifuani, na ukingo unaobana paja huzuia damu hiyo. Mtoto aliyebanwa huwa na miguu baridi ndani ya sufu.

Wanajeshi walijifunza somo hili kwa gharama. Katika Vita Kuu ya Kwanza, ya mwaka 1914 hadi 1918, askari wa Kiingereza, na wale wa King's African Rifles vilevile, walivaa ukanda mrefu wa kitambaa uliozungushwa mguuni kutoka kwenye kifundo hadi chini ya goti. Ukizungushwa vizuri, ulikuwa kinga dhidi ya miiba na matope. Ukikazwa kupita kiasi na kisha kulowa katika mahandaki ya Ulaya, ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyozuia damu kufika miguuni, na miguu ikavimba, ikafa ganzi, mingine ikaoza. Majemadari wakatoa amri kwamba viatu visibane na ukanda ule usikazwe. Kama amri hiyo ilifaa kwa mguu wa askari aliyekomaa, seuze mguu wa mtoto asiyeweza kusema kuwa umekufa ganzi.

Basi tuje kwenye vifaa. Zinahitajika sindano mbili za kufumia zenye unene wa milimita 4. Kwa hesabu ya zamani ya Kiingereza, ambayo ingali imechongwa kwenye sindano nyingi zilizorithiwa, hiyo ni namba 8. Hesabu hiyo huenda kinyume: namba ikizidi kuwa kubwa, sindano huzidi kuwa nyembamba. Namba 10 ni milimita 3 na robo, namba 14 ni milimita 2 tu, na namba 6 ni milimita 5. Wasichana wengi hufumia njiti za gurudumu la baiskeli zilizonolewa ncha, na werevu huo ni wa kusifiwa. Walakini njiti ya baiskeli ina unene wa kama milimita 2, yaani ni namba 14. Uzi mnene ukifumwa kwa njiti hizo, hutoka kitambaa kigumu kisichovutika, ambacho ndicho kile kile kilichokatazwa hapo juu. Asiye na sindano za dukani na achonge vijiti viwili vya mwanzi, avisugue kwa msasa mpaka viwe laini na vyenye unene wa kufaa. Mwanzi haukwaruzi uzi, wala haupoi mkononi kama chuma.

Uzi uwe wa unene wa kati, ule ambao kwa sindano za milimita 4 hutoa vitanzi 22 katika upana wa sentimita 10. Jozi moja ya mtoto wa mwaka mmoja hula karibu gramu 50, na kwa kuwa neno "karibu" limewaacha wafumaji wengi na mguu mmoja na nusu, yafaa kununua madonge mawili ya gramu 50 yenye namba moja ya rangi, na uzi utakaobaki ukafumiwa kofia.

Kwenye mnada wa mitumba uzi hupatikana kwa bei nafuu zaidi, ndani ya sweta kuukuu. Lakini si kila sweta hufumuka. Mnunuzi na aligeuze ndani nje, atazame mishono ya ubavuni. Akiona kila kipande kina ukingo wake mzima, mfano wa mnyororo mdogo, na vipande viwili vimeunganishwa kwa uzi mwepesi, hilo litafumuka kutoka mwanzo hadi mwisho. Akiona ukingo umekatwa kwa mkasi na kuzungushiwa uzi mwembamba wa cherehani, na aliache, maana kila safu imekatwa na atapata vipande vya uzi visivyofaa hata kufungia mfuko. Uzi uliofumuliwa huwa na mawimbi. Huzungushwa kwenye miguu ya kiti kilichopinduliwa, hufungwa kwa kulegea mahali pane ili usichanganyikane, huoshwa katika maji ya vuguvugu na kutundikwa kivulini ukiwa na uzito kidogo chini yake. Ukikauka huwa umenyooka.

Sufu halisi hutambulikana kwa kuchoma kipande kidogo: hunuka kama nywele zinazoungua na kuacha jivu linalosagika. Uzi wa viwandani wa akriliki huyeyuka, ukaacha tone gumu jeusi. Akriliki ni rahisi kufua na bei yake ni ndogo, na hakuna aibu kuitumia. Ila tone lile jeusi ni la kukumbukwa, kwa kuwa cheche ikiangukia mguu wa mtoto, uzi huo hugandamana na ngozi. Kwa nyumba ipikayo kwa kuni au makaa, sufu ni bora. Nayo hunywa unyevu hata kufikia karibu theluthi ya uzito wake kabla ya kuonekana imelowa.

Kipimo huchukuliwa kwenye mguu wa mtoto mwenyewe, wala si kwa kukisia umri wake; watoto wawili wa mwaka mmoja huweza kutofautiana kama mtango na mwanzi. Utepe huzungushwa katikati ya paja bila kubana, kisha urefu hupimwa kutoka hapo hadi juu ya kifundo, goti likiwa limekunjwa. Tuseme mzingo wa paja ni sentimita 26 na urefu ni sentimita 28. Kwa kuwa ufumaji utakaotumika huvutika sana, mfumaji huchukua robo tatu ya mzingo, yaani sentimita 19 na nusu, na kuzidisha kwa vitanzi 2.2 vya kila sentimita. Jibu ni karibu 43. Hapo hutafutwa hesabu iliyo karibu inayogawanyika kwa 4, ambayo hapa ni 44 au 40. Kwa mtoto mwembamba huchukuliwa 40. Kisha huongezwa vitanzi 2 kwa ajili ya mshono, jumla 42. Mtoto mkubwa zaidi mwenye paja la sentimita 30 atahitaji 50 kwa hesabu hiyo hiyo.

Kabla ya kuanza, hufumwa kipande cha kujaribia cha vitanzi 26 na safu 20 hivi, bila mapambo, na vitanzi vya sentimita 10 vya katikati vihesabiwe kwa rula ya mwanafunzi. Wengi hukiona kipande hiki kuwa upotevu wa jioni. Vikitoka 25 badala ya 22, mkono unakaza, na badala ya kujilaumu mfumaji abadili sindano, achukue nene kidogo.

Vitanzi 42 huanzishwa kwa njia ya kidole gumba, na mkia wa uzi uachwe mrefu, kama mita moja na nusu, kwa kuwa utatumika kushonea. Hapa ndipo penye siri ya kazi yote. Vitanzi huanzishwa juu ya sindano mbili zilizoshikwa pamoja, si juu ya moja. Vikitimia, sindano moja huchomolewa polepole, na vitanzi hubaki vikubwa na vilivyolegea. Kwa macho huonekana ovyo, na mama mkongwe apitaye barazani hakosi kusema, "Kaza, binti yangu, zitamvuka huyo." Na aitikiwe kwa adabu, "Ndiyo, mama," kazi iendelee. Safu za mwanzo zikishafumwa, ukingo hujikusanya wenyewe na kupendeza.

Ufumaji ni wa mistari inayoinuka na kuzama kama mbavu. Hutumia vitanzi vya namna mbili. Cha mbele hufumwa uzi ukiwa nyuma: ncha ya sindano ya kulia huingia kitanzini kutoka mbele kwenda nyuma, uzi huzungushwa juu ya ncha na kuvutwa ukapita, na kitanzi cha zamani huachiliwa. Cha nyuma hufumwa uzi ukiwa umeletwa mbele: ncha huingia kutoka kulia kwenda kushoto mbele ya kitanzi, uzi huzungushwa, na kusukumwa nyuma. Safu ya kwanza huenda hivi: viwili vya mbele, viwili vya nyuma, kwa kurudia, na kumalizia kwa viwili vya mbele. Safu ya pili huanza kwa viwili vya nyuma, viwili vya mbele, na kumalizia kwa viwili vya nyuma. Safu hizo mbili hurudiwa mpaka kitambaa kifikie sentimita 28, kiasi cha safu 80.

Anayeanza hupata taabu mahali pamoja: wakati wa kuhamisha uzi kutoka nyuma kuja mbele. Uzi upite katikati ya ncha mbili za sindano. Ukipitishwa juu ya sindano huzaa kitanzi cha ziada, na kuacha tundu. Mwisho wa safu vitanzi 42 huwa 43, na mbavu zote huenda upande. Dawa ni kuhesabu kila baada ya safu chache. Tena, baada ya safu nne au tano hakuna haja ya kukariri, kwa maana kitambaa chenyewe husema: kitanzi kilicho laini kama herufi V hufumwa mbele, na chenye kinundu hufumwa nyuma. Anayefahamu jambo hili huweza kufuma huku akizungumza, na hata huku akisikiliza taarifa ya habari.

Kitanzi kikidondoka na kushuka kama ngazi, hakuna haja ya kufumua kazi ya siku mbili. Sindano ya kroshia, au hata pini ya nepi, hukipandisha ngazi baada ya ngazi mpaka juu.

Kazi ya miguu miwili, kwa mtu asiye na haraka, ni ya jioni nne au tano. Hakuna sheria inayosema jioni hizo ziwe za mama peke yake. Katika kisiwa cha Taquile, ndani ya Ziwa Titicaca nchini Peru, mahali palipo juu zaidi ya mita 3,800 ambapo baridi ya Kabale ingeitwa joto, wanaofuma kwa sindano ni wanaume. Wavulana hufundishwa wangali wadogo, na kofia zao za sufu hufumwa kwa ufundi ambao mwaka 2005 ulitambuliwa na UNESCO kuwa urithi wa wanadamu. Askari aliye likizoni ana mikono miwili na subira aliyofundishwa kwa amri. Lindoni, la, huko mikono ina kazi nyingine.

Urefu ukitimia, vitanzi hufungwa, na ule ulegevu wa mwanzoni hurudi kutakiwa. Mfumaji hushika kwa mkono wa kulia sindano iliyo nene zaidi, namba 6 ikipatikana, na kufunga kwa kufuata mbavu: cha mbele kikifungwa kwa mbele, cha nyuma kwa nyuma. Ukingo uliofungwa wote kwa namna moja hukakamaa, na huo ndio ukingo utakaokaa pajani. Kipimo chake ni rahisi. Mama na atie vidole vyake vinne ndani ya ukingo mpaka kwenye vifundo vya ngumi. Vikipita bila kuvuta, kisigino cha mtoto kitapita, na paja halitabanwa. Visipopita, ukingo ufumuliwe ufungwe upya. Kuna watu wanaofuma vizuri, kisha kwa kuogopa soksi isishuke wakatia mpira wa nguo ya ndani. Hiyo ni sawa na kufunga kamba. Alama nyekundu iliyobaki pajani baada ya soksi kuvuliwa ni ushahidi wa kutosha kwamba mpira utolewe leo.

Kushona ni kazi fupi. Kingo mbili za urefu hulazwa ubavu kwa ubavu, upande mzuri ukitazama juu, na sindano butu hupitishwa ndani ya kitanzi kimoja cha kila ukingo kwa zamu. Vile vitanzi viwili vya ziada humezwa na mshono. Cha kulia na cha kushoto vilivyosalia huungana kuwa ubavu mmoja, na mshono hauonekani.

Kisha soksi igeuzwe, na ndani yake ichunguzwe kwa makini kama mtu akaguavyo mchele. Kila mkia wa uzi ufichwe kwa kupitishwa ndani ya vitanzi kwa urefu wa sentimita 5 au zaidi, usiachwe unaning'inia. Uzi mmoja mwembamba, au hata unywele wa mama, huweza kujizungusha kwenye kidole cha mguu cha mtoto wakati wa kuvishwa, ukakaza, ukakata damu. Madaktari wanalijua jambo hili vizuri. Mtoto huyo hulia bila kunyamaza, halafu hupewa maziwa, hubebwa, hudhaniwa ana tumbo, na hakuna anayetazama vidole. Aliaye pasipo sababu na avuliwe kila kitu na vidole vikaguliwe kimoja kimoja; kilichovimba na kuwa chekundu au cha buluu kipelekwe kwa mganga wa zahanati mara moja.

Katika matumizi kuna mambo machache. Zikilowa mkojo zivuliwe, kwa sababu uzi uliolowa hauna tena hewa ya kushika joto. Mtoto akiwa na homa zivuliwe pia, hata kama nje kuna ukungu, na apelekwe akapimwe malaria. Soksi si chandarua, na mbu hupenyeza mdomo wake baina ya vitanzi bila shida. Wakati wa kulala, mama na aguse kifua cha mtoto au shingo kwa nyuma badala ya kugusa vidole: vidole vya mtoto mwenye afya huwa vya baridi mara nyingi, lakini shingo iliyolowa jasho husema kwamba nguo zimezidi. Sufu ifuliwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, ikamuliwe kwa kuviringishwa ndani ya taulo, ianikwe kwa kulazwa. Maji ya moto na kusugua kwa nguvu huifanya isinyae, na ikishasinyaa hairudi.

Asiyejua kufuma asikae akisubiri. Sweta la mtu mzima lililochanika kifuani lina mikono miwili mizima, na mkono wa sweta, tangu kiwiko hadi kiganja, ni soksi isiyo na wayo iliyokwisha kufumwa: ule ukingo wa kiganjani hukaa kwenye kifundo, na mahali palipokatwa hupindwa na kushonwa kwa uzi ulegeao. Soksi ndefu za sufu zilizotoboka visigino hufaa vilevile baada ya kukatwa wayo. Neno moja hapa kwa baba: soksi alizopewa kwa kazi ni mali ya serikali, na hukatwa zikiisha kuondolewa katika hesabu, si usiku wa kuamkia gwaride.

Mtoto atakua, na ufumaji wa mbavu utakua naye kwa upana. Urefu ndio utakaopungua. Soksi iliyofika katikati ya paja mwaka huu, mwakani itafika juu kidogo ya goti. Ukingo wa juu hufumuliwa safu moja, vitanzi 42 hurudishwa sindanoni, na uzi wa rangi yoyote iliyopo nyumbani hufumiwa sentimita 6 au 7 nyingine kwa mbavu zile zile. Kwa sababu hiyo ukingo wa juu ndio ulio wa kufungia. Wa chini, ulikoanziwa, haufumuki kwa urahisi, na mwenye haraka akiuvuta huo atakesha akifungua mafundo.